Mtani wa Idara ya Kupokea

Nchi hii haipo. Niliiandikia serikali yake kuuliza, nikajibiwa kwa barua yenye mihuri miwili kwamba haipo, na kwamba nisiulize tena. Mimi ni mtu mtiifu, sikuuliza. Kwa hiyo yote nitakayoyasema hapa hayakutokea popote, na ukimwona jirani yako anasoma huku anatikisa kichwa, mwulize anatikisia nini.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, watu walianza kupiga simu bure. Walikuwa na watoto wao ughaibuni, na watoto wakawaambia: mama, achana na vocha, weka programu fulani kwenye simu yako, tuongee kwa intaneti mpaka uchoke mwenyewe. Serikali iliposikia ilikasirika mwezi mzima. Waziri wa Mawasiliano na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Lugome, alisimama bungeni akasema kuongea bure ni sawa na kukojoa barabarani: kila mtu anaweza, lakini nchi itanuka. Wabunge walipiga makofi dakika kumi na moja. Baada ya hapo vijana waliokuwa wakiwawekea watu hizo programu sokoni wakaanza kusafiri. Hilo ndilo lilikuwa neno rasmi, kusafiri. Kijana anatoka kwenda kununua sukari, anasafiri.

Kisha mshauri mmoja akamnong'oneza Waziri jambo lililombadilisha moyo. Mtu anayelipia simu, alisema, husema la maana akakata. Anayeongea bure husema yote. Hazikupita wiki mbili, serikali ikazindua huduma yake yenyewe ikaiita Ongea Bure. Kupiga bure, kupokea bure, usiku na mchana, na kila neno likahifadhiwa wizarani, bure vilevile. Programu nyingine zote zilizimwa ili wananchi wasisumbuke kuchagua. Watu wakashukuru, na waliochelewa kushukuru wakakumbushwa.

Tatizo lilikuwa moja tu, wale waliosafiri hawakupokea. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Ndugu zao wakaenda polisi na wageni kutoka nje wakaja na orodha ya majina. Serikali haikubabaika, ikatunga Sheria Namba Tisa, ambayo ni fupi hata mimi nimeihifadhi: "Mwananchi anayepokea simu hajapotea." Ukitaka kuripoti kwamba mtu wako haonekani, unapiga simu yake mara tatu mbele ya askari. Ikipokelewa, kesi ni yako, kosa lako ni kumzulia mwenzako kupotea. Ni sheria nzuri, tatizo ni kwamba ilihitaji wapokeaji. Ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Kupokea, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani, na hapo ndipo anapoingia mtu wetu.

*

Chande Malipula alikuwa Mkombe wa milimani, mfupi, mwenye kitambi kidogo cha heshima na sauti ya mkwaruzo. Kila alipotaka kusema jambo alianza na "tuseme kweli". Tuseme kweli, mvua imechelewa. Tuseme kweli, viatu hivi vinanibana. Mkewe Somoe alikuwa na mkono mzito kwenye tangawizi, na kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa Chande alionja chai, akakunja uso, akamwambia, tuseme kweli, Somoe, tangawizi yote hii unanitafutia ugomvi? Kisha akanywa vikombe viwili.

Riziki yake ilikuwa migomba, lakini sifa yake ilikuwa misibani. Wakombe wa milimani na Walimbe wa mtoni ni watani tangu enzi za mababu, walipopigana miaka saba wakachoka, wakakubaliana watukanane badala ya kuuana. Mlimbe akifa, Mkombe ndiye anayekuja kuvuruga msiba. Anavaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake, sauti yake, kikohozi chake, anamdai mjane chakula, mpaka watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Makaburini mtani hulala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka, kwa maana yeye asipotoka marehemu hawezi kuingia. Mwisho hupewa kuku na maji ya kusukutua. Akiyatema, sauti ya marehemu inatoka kinywani mwake inakwenda zake, haitasikika tena duniani. Mkombe naye akifa, Walimbe wanamfanyia vivyo hivyo. Hakuna anayezikwa bila mtani wake, hata awe fukara wa namna gani.

Chande alikuwa bingwa wa mambo hayo. Aliwahi kumwiga mzee mmoja wa mtoni hata mbwa wa marehemu akamfuata mpaka nyumbani.

Sasa Idara ya Kupokea ilikuwa imeanza na waigizaji wa redio. Sauti zilikuwa nzuri, ila walizidisha chumvi. Mmoja alimwambia mama wa watu, "Nakupenda sana, mama," na yule mama akakata simu akaenda moja kwa moja kwa askari, kwa kuwa mwanawe hajapata kumwambia neno kama hilo tangu azaliwe. Mkuu wa Idara, Bwana Kasike, mtu msafi aliyefunga tai hata Jumamosi, alikuwa amehudhuria msiba fulani akamwona mtani akimwiga marehemu mpaka mjane akainuka kwenda kumpakulia. Bwana Kasike aliona kipaji. Desturi hakuiuliza, maana yeye alikulia mjini na makaburini alizoea kubaki ndani ya gari kwa sababu ya vumbi. Akaandika waraka: watani wakusanywe.

Chande alifuatwa shambani kwake. Alipewa nafasi ya kuchagua, kwani nchi ilikuwa huru: aajiriwe au asafiri. Akaajiriwa.

*

Idarani kila mpokeaji alikuwa na meza, kofia ya kusikilizia na mafaili yake. Chande alipewa mafaili ishirini na matatu. Alisikilizishwa sauti zilizohifadhiwa na Ongea Bure, wiki nzima, mpaka kila mtu wa kwenye faili akamkaa kinywani: yupi anavuta maneno, yupi anacheka kwa pua, yupi akisema uongo anakohoa kwanza.

Aliambiwa watu hao wako safarini na wana shughuli nyingi. Alitaka sana kuamini. Lakini serikali ya nchi hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni fomu. Fomu yenye mstari mtupu haikuweza kupigwa muhuri, na isiyo na muhuri haikuweza kufungiwa kabatini. Kwa hiyo karani mmoja mwaminifu alikuwa amejaza mistari yote. Faili la kumi na nne lilisema hivi: Jina: Rajabu Mkwaya. Kabila: Mlimbe. Kosa: kuwawekea watu programu za kuongea bure kabla ya serikali kuruhusu. Hali: anasafiri. Makao ya sasa: machimbo ya chokaa ya Kitunda, safu ya pili, wa saba kutoka langoni. Muda wa makao: usio na kikomo.

Chande aliisoma mara moja, akaifunga, akaweka kikombe juu yake. Mara ya pili hakuisoma, lakini macho yalikuwa yameshaiba.

Kuanzia hapo mwili wake ukaanza kumkana. Msibani sauti ilikaa kinywani siku moja, ikasukutuliwa ikaondoka. Idarani hakukuwa na kuku wala maji, na sauti ishirini na tatu zilibaki zote ndani yake zikisukumana kama abiria mlangoni. Aliagiza ugali kwa mama lishe kwa sauti ya binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anasomea uuguzi. Alipiga chafya, ikawa chafya ya dereva wa lori. Asubuhi moja alionja chai, akakunja uso, akafungua kinywa aseme maneno yake ya siku zote, na kilichotoka kilikuwa kicheko cha kwa pua. Somoe alisimama na birika mkononi akamtazama sana.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

Chande alimjibu hakuna mtu, ni mafua. Akainuka akaenda kazini bila kumaliza chai. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe aliona aibu kuisema, kwani mtu mzima atamwelezaje mkewe kwamba kinywa chake kimejaa watu?

*

Bi Tabu Mkwaya, mama yake Rajabu, alipiga simu kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Chande alifungua faili la kumi na nne, akaita sauti ya Rajabu, ikaja upesi. Akamwamkia shikamoo. Akaitikiwa marahaba. Mama akauliza hali, kijana akasema salama, kazi nyingi tu huku. Mama akasema huko mtoni maji yamejaa mpaka ugani. Lafudhi ya Walimbe ilikuwa nzito, tamu, ile ile aliyoichokoza misibani miaka thelathini, na ulimi wa Chande ukateleza kabla hajaushika.

"Basi vyura mnao wa kutosha kwa mchuzi," akasema.

Kimya. Kila Mkombe duniani humwambia kila Mlimbe kwamba anakula vyura. Lakini Mlimbe hawezi kumwambia hivyo mama yake mzazi, ni kama kujitukana mwenyewe na ukoo mzima. Kanuni ya Idara ilisema kimya kisizidi sekunde tatu. Hiki kilipita kumi.

Kisha Bi Tabu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu. "Na ninyi huko mmeshamaliza kuiba ndizi?" aliuliza, na kabla Chande hajajibu akaongeza kwa upole, "Haya, mwanangu. Nitapiga kesho."

Kuiba ndizi ndilo tusi la Wakombe. Chande alijiambia ni masihara tu ya mama na mtoto, na kwamba mama mwenye furaha husema lolote. Alijiambia hivyo mpaka jioni, na hakujiamini hata mara moja.

Kesho yake Bi Tabu alipiga saa nne ileile. Na keshokutwa. Hakuwahi kumwuliza lini atarudi, jambo ambalo kina mama wote wa mafaili mengine huanza nalo. Alimwambia, mwanangu, hebu cheka. Chande akacheka cha kwa pua. Akamwambia, sasa tembea kama ulivyokuwa ukitembea, nikusikie viatu. Chande akatembea kuzunguka meza na kofia yake ya kusikilizia, akiburuza mguu wa kushoto kama faili lilivyoelekeza. Upande wa pili alisikia watu wengi wanacheka. Mama alikuwa ameweka simu kwenye spika.

Siku ya nne alisikia masufuria. Siku ya sita alisikia wanawake wanaitikiana kwa sauti za chini. Simu haikukatwa tena saa nzima, kisha saa tatu, kisha kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu ni bure, nani atahesabu? Wengine walikuja kwenye simu mmoja mmoja, mjomba, shangazi, jirani aliyekopeshwa baiskeli, kila mmoja akatupiana maneno na Rajabu, akamtukana kidogo, akacheka, akanyamaza, akampisha mwenzake. Chande alijibu wote. Kwa kweli alikuwa hajapata kufanya kazi vizuri namna hiyo.

*

Mtambo wa wizara nao uliona. Ripoti ya mwezi ilipotoka, aliyeongea kuliko wananchi wote alikuwa bibi mmoja wa mtoni, Tabu Mkwaya, na Waziri Lugome akatamka kwamba huyo ndiye kielelezo cha mafanikio ya huduma. Kwanza mwanawe alidhaniwa amepotea, na leo anaongea naye kutwa! Ikaamuliwa atunukiwe cheti cha Mpigaji Bora wa Taifa, nyumbani kwake, saa za mchana, kamera zikiwepo. Bwana Kasike alikuja mwenyewe mezani kwa Chande, akamwekea mkono begani, akamwambia siku hiyo Rajabu asiumwe wala asiwe na shughuli.

Chande aliisikiliza sherehe nzima kutoka ghorofa ya tatu. Alisikia magari yakifika, na Waziri akistaajabu kwa jinsi wananchi walivyojitokeza kumpokea, wamejaa uwanjani kwenye mikeka. Mtu akamwambia Waziri avue viatu akae. Akakaa. Mwingine akamwambia pole. Waziri, aliyekuwa amepita njia mbaya kwelikweli, akajibu kwamba ameshapoa. Kila aliyempa mkono akampa pole, naye akazipokea zote, akamnong'oneza msaidizi wake kuwa watu hawa wana adabu sana.

Akatoa hotuba. Alisema zamani mama alimlilia mtoto kwa kuwa hakuwa na salio, leo machozi yamefutwa na teknolojia. Alisema katika nchi hii hakuna umbali, kuna mtandao dhaifu tu, nao unashughulikiwa. Kisha akataka kuongea na kijana mwenyewe, na simu ikasogezwa.

"Uko wapi, kijana wetu?" akauliza kwa bashasha.

"Niko safarini, Mheshimiwa," akajibu Chande kwa sauti ya Rajabu.

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka sana, na katikati ya kicheko mwanamke mmoja akaanza kulia, na Bi Tabu akasikika akisema, "Mwacheni alie." Waziri naye akacheka. Wakaomba dua, akaitikia amina. Wakaleta wali, akala, akausifu, akauliza kwa nini hauna viungo vingi, akajibiwa ndivyo unavyopikwa siku kama hizi.

Hapo Chande akavua kofia ya kusikilizia akaiweka mezani. Alikuwa amekaa kwenye mikeka ya namna hiyo mara zisizohesabika. Aliujua mlio wa kata ndani ya mtungi, aliijua namna wanawake wanavyoitikiana, aliujua wali wenyewe. Kule mtoni kulikuwa na matanga, na mtani wa matanga hayo alikuwa yeye. Tangu ile Jumanne, tangu vyura. Mlimbe husikia sauti ya mtu wake kinywani mwa Mkombe siku moja tu maishani, na siku hiyo haihitaji kuelezwa. Serikali ilitafuta mtu wa kumthibitishia Bi Tabu kwamba mwanawe yu hai, ikamwajiri yule ambaye akifungua kinywa tu ametangaza msiba.

Waziri alikuwa bado anasifia wali. Chande akavaa tena kofia yake, kwa sababu Bwana Kasike alikuwa anapita.

*

Baada ya sherehe Bi Tabu aliendelea kupiga kila siku, lakini kwa kifupi, kusalimia tu. Chande alihesabu siku, na alijua naye anahesabu. Idara ilimwandikia barua ya pongezi. Aliitia mfukoni akasahau kumwonyesha Somoe, na kwa kweli wakati huo alikuwa karibu haongei kabisa na Somoe, maana hakujua akifungua kinywa atatoka nani.

Siku ya arobaini simu iliita saa nne kamili. Hapakuwa na watu nyuma yake. Alisikia upepo, na kuku analalama mahali karibu.

"Shikamoo mama," akasema Rajabu.

"Marahaba." Bi Tabu akavuta pumzi. "Mtani, leo ni arobaini. Kaburi nimechimba, lakini halina mtu. Umelala kwenye kaburi la mwanangu siku zote hizi, nami sijakusumbua, umefanya kazi yako vizuri, watoto wamecheka. Sasa nikupe nini utoke?"

Chande alitazama kushoto na kulia. Wenzake kila mmoja alikuwa anapokea. Mmoja alikuwa mwanafunzi, mmoja alikuwa mchungaji, mmoja alikuwa mama mjamzito akieleza kwamba anaendelea vizuri. Kila neno lilikuwa linahifadhiwa. Alijua hata muda ambao ungepita kabla mtu hajainuka kwenye chumba cha mtambo kuja kwenye meza yake: dakika nne, tano lifti ikiwa mbovu. Kwa kawaida ilikuwa mbovu.

Aliogopa. Nitakuwa mwongo nikisema hakuogopa.

"Una maji hapo?" Bi Tabu akauliza.

Palikuwa na glasi ya maji kando ya faili. Chande akaichukua, akasukutua, na kwa kuwa hapakuwa na pa kutemea akatema kwenye kikapu cha karatasi cha serikali. Alihisi kitu kinamtoka, chepesi, kinapita kwenye meno. Akajaribu kukiita kicheko cha kwa pua. Hakikuja. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi aliisikia sauti yake mwenyewe, yenye mkwaruzo, ikimshangaza kama mgeni mlangoni.

"Tuseme kweli, mama," akasema. "Yuko machimbo ya chokaa ya Kitunda. Safu ya pili. Wa saba kutoka langoni."

Bi Tabu hakulia. Aliyarudia maneno polepole, safu, idadi, lango, kama mtu anayetumwa dukani anayeogopa kusahau. Kisha akauliza, "Jina lako nani, mtani?"

"Chande Malipula. Wa milimani."

"Una mke?"

Chande akaelewa anaulizwa nini. Ni mtani peke yake anayemwuliza mtu hivyo, na huuliza ili ajue siku ikifika aende nyumba gani, na humo ndani amlize nani. Mlango wa kijani ulikuwa bado umefungwa.

"Ninaye. Somoe. Kijiji cha Kombe Juu, nyumba ya mwisho kabla ya kisima." Akasogea karibu na meza. "Tuseme kweli, ananitilia tangawizi kwenye chai mpaka namwuliza, tangawizi yote hii unanitafutia ugomvi? Miaka kumi na tisa. Haachi."

"Sema tena," Bi Tabu akamwambia. "Vilevile kama unavyomwambia."

Akasema tena. Bi Tabu alikuwa kimya kabisa, anasikiliza kama anavyosikiliza mtu wa kazi hiyo, mkwaruzo uko wapi, pumzi inakatika wapi, neno gani linavutwa. Chande aliijua namna hiyo ya kunyamaza. Ilikuwa yake.

"Mwizi wa ndizi wewe," akasema mwishowe, na sauti ikamkatika. "Nenda salama, mtani."

Lifti siku hiyo ilikuwa nzima.

*

Hadithi hii ilikuwa ya Chande, na ningependa aimalizie mwenyewe, lakini amesafiri. Kwa hiyo tumfuate mkewe.

Somoe alisubiri siku mbili, ya tatu akapiga simu. Ilipokelewa mlio wa kwanza. Sauti ilikuwa ya Chande, mkwaruzo wake, pumzi zake, hata ile namna ya kumeza mate kabla ya jina lake. Ilisema imetumwa kikazi mbali, mtandao wa huko ni dhaifu, asiwe na wasiwasi. Somoe alitaka sana kuamini. Akauliza huko chai ni ya namna gani. Sauti ikajibu kwamba haishindi yake, na kwamba inaikumbuka sana ile chai yake tamu.

Somoe akaishusha simu polepole akaiweka juu ya meza, mbali kidogo naye. Ndani yake sauti iliendelea kumwita, mke wangu, mke wangu, unanisikia? Haikusema tuseme kweli hata mara moja. Nimeelezwa baadaye kwamba maneno hayo yamo katika orodha ya yasiyotumika idarani.

Hakwenda polisi. Angeripoti nini, na simu imepokelewa? Alikaa ndani, akachemsha chai kila asubuhi, akaimwaga. Majirani walimwuliza habari za mume, akasema anapokea simu. Wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja wao alijua nyumba moja au mbili ambako mtu anapokea simu.

Siku ya tisa, mchana, bibi mmoja alikuja kwa miguu mpaka nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Alikuwa na kuku kwapani, na mkononi ameshika chupa ya maji. Miguu yake ilikuwa nyeupe mpaka magotini. Somoe alidhani ni unga, kisha akaona ni chokaa iliyokauka, na kwenye kucha zake vilevile, na kwamba kwenye uso wa bibi huyo palikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi kubwa iliyomchelewesha. Lafudhi yake ilikuwa ya Walimbe. Aliomba radhi kuja bila taarifa. Alisema jina lake ni Tabu, mwanawe amemzika juzi, na kabla hajarudi mtoni alikuwa na deni la msiba huku milimani.

Somoe hakuuliza msiba wa nani. Alimkaribisha kwenye mkeka. Mikono yake haikumpa shida, ilijua cha kufanya: ikainua birika, ikamimina, ikamsogezea mgeni kikombe. Bi Tabu akamweka kuku chini na chupa kando ya goti lake. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akaonja.

Akakunja uso.

"Tuseme kweli, Somoe," akasema, na sauti iliyotoka kinywani mwa bibi yule ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo. "Tangawizi yote hii unanitafutia ugomvi?"

Somoe akaanguka magotini pale pale kwenye mkeka. Alicheka. Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, halafu kicheko chenyewe kikageuka kikawa kile kilio alichokuwa amekizuia siku tisa, na majirani wakasikia, wakaanza kutoka majumbani mwao mmoja mmoja na mikeka yao kwapani.

Bi Tabu alingoja. Mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya maji, ukagusa kifuniko.

"Bado," Somoe akamwambia, akamshika kifundo cha mkono. "Usisukutue kwanza. Sema tena."

Bi Tabu akaiacha chupa. Akanywa chai, akakunja uso, akasema tena.